Herufi Yenye Jicho

Hasanthi alikuwa ameshateremsha nusu ya mlango wa duka lake la uchapaji pale mjini Ambalangoda, mgeni alipoinama akaingia. Giza lilikuwa linaanza. Senuja, mwanawe wa miezi mitano, alikuwa macho kwenye bembea ya kitambaa mbele ya kompyuta, akililia ziwa.

"Tumefunga, mjomba."

"Nimetumwa na mtawa mkuu. Herufi moja tu, mwanangu."

Mh! Mtu wa hekaluni, mbona ananuka ubani wa kupungia mashetani? Hasanthi akamtolea tambuu. Hakuigusa. Chai? Akatikisa kichwa. Mtu anayekataa vyote viwili kwa mpigo, huyo ana lake jambo.

Mgeni alitoa jani kavu la kale, kama yale waliyoandikia wahenga. Juu yake herufi moja ya Kisinhala, lugha ya huko, ya mviringo kama nyingine zote, lakini Hasanthi, pamoja na kazi yake yote, hakuwahi kuiona. Katikati yake palikuwa na duara dogo, tupu.

"Kila herufi ina namba yake ya kompyuta, hii haina," alinong'ona mgeni. "Kompyuta haiijui, simu haziijui. Ipe namba. Jani huoza. Namba haiozi."

"Ya kazi gani?"

"Kitabu cha sala."

Moyo ulimwambia kataa. Lakini mtawa yule ndiye aliyemwombea mimba isitoke. Angemjibu nini? Akakaa, akaichora herufi kwenye kioo cha kompyuta, akaipa namba moja kati ya zile zisizo na mwenyewe, ambazo mafundi wa herufi hujichukulia. Alipofika kwenye duara, akaona mwandishi wa zamani alikuwa mvivu. Macho yakiwa kwenye lile jani, akabonyeza kulijaza jeusi, kama alivyozoea kunyoosha kazi za watu, kisha akaihifadhi herufi kwenye flashi ya mgeni.

Feni ikasimama.

Senuja akanyamaza.

Mgeni akachomoa flashi yake, akatoka bila kuaga.

Hasanthi alimpigia mtawa. "Mimi? Sijamtuma mtu," alisema mtawa. Akampigia baba yake, mchoraji wa sanamu za hekaluni.

"Baba, kuna herufi... ina duara katikati..."

"Tupu?"

"Ilikuwa tupu. Nimeijaza."

Sauti ya mzee ikashuka. "Hasanthi. Jicho la sanamu mimi hulipaka vipi?"

Alijua. Tangu utotoni alijua! Jicho hupakwa mwisho kabisa, mchoraji ameligeuzia mgongo, akilitazama kwenye kioo cha mkononi. Akimaliza, hufungwa kitambaa machoni, akatolewa nje, na akifunguliwa, kitu cha kwanza kukitazama ni chungu cha maji. Hukipasua papo hapo, ili mtazamo wa lile jicho uvunjike nacho.

"Lile duara liliachwa makusudi, mwanangu. Lilipofunguka, lilimwona nani kwanza?"

Hasanthi aligeuka polepole. Yeye alikuwa akitazama jani, lakini bembea ilikuwa inaelekea kwenye kioo cha kompyuta. Senuja alikuwa ameikodolea macho ile herufi.

Hakupepesa.

"Mama yangu wee!"

Alinyanyua chungu cha maji kilichokuwa mlangoni, akakitupa kwenye kompyuta kwa nguvu zake zote. Kioo kilipasuka, cheche zikaruka, kukanuka waya ulioungua. Na mtoto akaangua kilio.

Hasanthi alimkumbatia, akilia na kucheka. Lia baba, lia! Hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kile kilio. Alitoka naye barabarani, penye taa na wauza mikate.

Simu ikatetema. Ujumbe wa baba.

*Mtoto yu salama?*

Chini ya maneno palikuwa na herufi ile. Nyeusi, safi, imekamilika. Simu ya mzee ilikuwa ya vitufe, na ya Hasanthi haikuwahi kuwekewa ile herufi. Kwa herufi ambayo simu haiijui, pangetokea kiboksi kitupu, basi.

"Baba, umeandika nini mwishoni?" alimpigia akauliza.

"Mwishoni wapi? Nimeuliza mtoto tu."

Kabla hajaificha simu, Senuja alinyoosha kidole, akaligusa jicho la ile herufi. Kilio kikakatika katikati.

Waganga wamekuja na ngoma zao. Madaktari wamempima, wanasema koo ni zima, mapafu mazima. Mtoto anakula, anakua, anacheka bila sauti. Ila hajalia tena. Akichomwa sindano halii. Akianguka halii. Usiku, Hasanthi anapojilaza na simu iko mezani, imezimwa, husikia humo ndani, kwa mbali, mtoto mchanga analilia ziwa.