Jumapili za Tshangalele

Soko la Kamalondo lilikuwa limefurika hadi barabarani Jumamosi ile ya Agosti 1960, mwezi mmoja tu baada ya jimbo la Katanga kujitangaza nchi huru. Mujinga, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya masista, alivaa kikwembe cha kijani chenye maua meupe na viatu alivyovipaka chaki asubuhi. Akainua samaki mkavu, akamnusa, akakunja uso.

"Mama, samaki hii iko ya lini?"

"Ya juzi, mamzeli," akajibu mwanaume nyuma yake, ingawa hakuulizwa. "Niliiona na macho yangu ikiogelea mu ziwa Tshangalele."

"Na weye uko nani? Ndugu ya samaki?"

Muuzaji akaangua kicheko. Mwanaume naye akacheka, akavua kofia. Aliitwa Anaclet Kasonde, mwenyeji wa Katanga, fundi wa mashua. Kwa miaka minne alikuwa ametengeneza injini za Wazungu waliokwenda ziwani kustarehe. Mwezi wa saba wengi wao walikimbilia Rhodesia, na mzee mmoja aliyeondoka wa mwisho akamwachia funguo za mashua sita na kamyo, lori lake, visije vikaoza. Tangu hapo, kila Jumapili Anaclet aliwapeleka waimbaji wa parokia kuliona ziwa ambalo zamani walilisikia tu.

"Ulishaona ziwa, mamzeli?"

"Miye nilizaliwa hapa mujini. Mayi mukubwa niliona ni ya muto Lubumbashi, na ile hata mbuzi inavuka."

"Basi kuya kesho. Kamyo inatoka saa kumi na mbili, mbele ya kanisa."

"Siendake na bantu sijue."

"Utanijua mu njia."

Baba yake, mzee Casimir, karani mstaafu wa reli aliyetoka Kasai akiwa kijana, alikubali kwa kuwa wanakwaya walikuwa wengi. Baada ya saa nne za vumbi, kamyo ilipanda kilima cha mwisho, na Mujinga akasimama ghafla akishika bega la aliyekuwa mbele yake. Maji yalikwenda mpaka macho yakachoka kuyafuata. Katikati yake ilisimama miti mikavu, myeupe kama mifupa, na juu ya kila tawi kulikuwa na ndege. Upepo ulinukia mafunjo na matope.

Siku ile alipiga makasia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alivua samaki mmoja, mdogo kuliko kidole chake, akakataa kabisa kumrudisha majini. Walipanda kilima upande wa mashariki kuwaona viboko, kisha wakala ugali wa bukari na mboga ya lengalenga wamekaa kwenye majani, miguu yote mitupu.

Tangu hapo simu ya ofisi ya shule haikupumzika.

"Mademoiselle, simu," Sista mkuu alikuwa akiita kutoka dirishani. "Yule wa samaki tena."

"Chérie, uko unafanya nini?"

"Nafundisha, Anaclet. Batoto makumi ine banangojea."

"Nilitaka tu kusikia sauti."

"Basi umesikia. Kata simu." Lakini hakuna aliyekata.

Mwaka wa 1961 mambo yakageuka. Mitaani watu wa Kasai walianza kuitwa maadui wa Katanga. Nyumba moja ikachomwa, kisha tatu. Jumapili moja ya Juni, karibu na ziwa, askari waliisimamisha kamyo. Mmoja akaegemea mlango wa dereva.

"Kuko Bakasai humu?"

"Bakasai?" Anaclet akatema mate chini. "Miye nibebe bale bantu mu kamyo yangu? Banyoka bale? Hata maiti yabo siwezi kubeba."

Askari wakacheka, wakainua kizuizi.

Mujinga alikuwa amekaa nyuma, kati ya wanakwaya wawili waliokuwa wamemshika mikono. Ziwani alikaa peke yake ukingoni mchana kutwa. Hakuingia mashuani. Walipofika mjini, Anaclet alimfuata hadi mlangoni.

"Mujinga, unajua juu ya nini nilisema vile."

"Najua."

"Ulitaka niseme nini? Bangekushusha."

"Najua, Anaclet. Lala muzuri."

Simu zilipolia shuleni, alimwomba Sista aseme kwamba yuko darasani. Zililia wiki sita. Kisha zikanyamaza.

Septemba, majirani walivunja mlango wa mzee Casimir. Mujinga alimtoa baba yake kwa dirisha la jikoni, wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, ambako maelfu ya watu wa Kasai walikuwa wamejenga vibanda vya magunia na mabati. Huko mzee akaanguka, upande wake mmoja ukafa ganzi.

Anaclet alichukua siku kumi na mbili kuwatafuta. Alifika amebeba gunia la unga, shati limechanika begani.

"Banakupiga?" Mujinga akauliza.

"Bajirani yangu. Banasema naleta chakula kwa adui."

Ndipo Mujinga alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Anaclet akapiga magoti kwenye tope.

"Nisamehe, chérie."

"Nilikusamehe siku ileile. Lakini ile maneno ilitoka mu kinywa yako mbio, Anaclet. Haukutafuta hata moja. Ni ile iliniogopesha."

Anaclet hakujitetea. Alisema, "Nilikuwa naisikia kila siku. Iliniingia." Mujinga akamshika kichwa, akakilaza tumboni mwake.

Alikuja kila wiki mpaka Mei 1962, zilipoanza treni za kuwapeleka watu Kasai, nchi ambayo Mujinga hakuwahi kuikanyaga. Stesheni, katikati ya magodoro, masufuria na vilio, Anaclet alitoa pete aliyoichonga mwenyewe kwa shaba.

"Baki. Tutaoana kwa mapadri leo hii. Nitakuficha kule ku ziwa mpaka bita iishe."

"Na papa?"

Anaclet akamtazama mzee aliyelazwa behewani.

"Basi nitafuata," akasema.

"Usifuate. Kule nako banauliza muntu anatoka wapi. Sitaki kukuona umekufa mu njia juu yangu."

Aliibusu pete, akamrudishia kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja. Filimbi ikalia. Anaclet alitembea kando ya behewa, kisha akakimbia, mpaka jukwaa likaisha.

Treni ilikuwa imeshauacha mji mzee Casimir alipozungumza, kwa ulimi mzito.

"Kijana alisema nini?"

"Alitaka kunioa, papa."

"Ukakataa juu yangu, juu niko mugonjwa?"

Mujinga alimpangusa mate pembeni mwa mdomo, bila kumtazama machoni.

"Hapana, papa. Juu yangu miye mwenyewe."

Mzee alimtazama sana, machozi yakimshuka upande mmoja tu wa uso, ule uliokuwa bado hai.