Aliyeitikia Salamu

Siku yake ya kwanza Durban, Bongekile alisalimia watu zaidi ya arobaini kabla ya saa tatu asubuhi, akaitikiwa na watatu. Alitoka Nquthu, ambako kumpita mtu bila kumjulia hali ni tusi, na katika miaka yake thelathini na miwili hakuwa ameiona bahari. Yeye na binti yake Anele, wa miaka sita, walifikia kwa wifi yake, Hlengiwe, ghorofa ya nne, jirani na ufukwe.

"Wifi, mate yatakukauka," Hlengiwe alimcheka. "Mjini hapa ukimsalimia mtu anashika mfuko wake."

"Na aushike! Mimi nimefunzwa adabu."

Mgeni ni kuku mweupe, na mgeni huyu alijitangaza kila hatua. Aliwasalimia wavuta riksho wenye pembe na shanga vichwani, akawasalimia wauza mikeka, akamsalimia hata mlevi aliyelala kwenye benchi. Karibu na gati alimkuta mzee mwenye koti jeusi, suruali kaikunja, kasimama majini huku akinong'ona, mikononi ana tawi la mkunazi. Nyuma yake wanawake wawili waliojitanda mablanketi waliinamisha vichwa.

"Habari za asubuhi, baba?"

Mzee alimgeukia kwa hofu, midomo kaibana. Lakini salamu iliitikiwa.

"Nzuri, dada. Ila baridi tu."

Ilikuwa sauti ya kijana, na ilitoka upande wa maji, ambako hapakuwa na mtu. Mwanamke mmoja aliangua kilio. Mzee akaondoka na tawi lake kuelekea kwenye gari, akilinong'oneza njia nzima.

Hapo ndipo Bongekile alipojua alichofanya, na aibu ikampanda hadi masikioni. Kwao pia aliyefia mbali huchukuliwa hivyo: roho hupanda tawi la mkunazi ikapelekwa nyumbani, na anayelibeba hasalimiwi wala haongei na aliye hai. Alilijua hilo tangu utotoni. Bahari ndiyo iliyomlevya. Hakumwambia mtu.

Siku ya pili walinunua mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharagwe, chakula ambacho Anele alikililia tangu Nquthu. Alionja, akatema.

"Una chumvi, mama."

Chai nayo ilikuwa na chumvi, na maji ya bomba pia. Adhuhuri, jua likiwaka, mtoto alijikunyata kitandani akitetemeka, midomo ya buluu, na chumba kizima kilinuka mwani.

"Mama!" sauti ya Anele iliita kutoka bafuni.

"Naam, mwanangu?" Bongekile aliitika, akainuka, na alipofika mlangoni akakumbuka kwamba Anele yuko kitandani, amelala, mkono wake ungali juu ya mto alipoulaza yeye mwenyewe, na huko bafuni palikuwa pakavu isipokuwa nyayo mbili kubwa za maji zilizoelekea chumbani.

Mtoto alipoamka alisema kwa sauti ndogo, "Mama, yule kaka aliyelowa anataka nimpishe."

"Umpishe wapi?"

"Anasema humu," akajigusa kifua.

Kliniki walimpima wakasema hana ugonjwa. Bongekile alilia mbele ya wifi yake, akaungama yote.

Siku ya tatu, kutoka dirishani, walimwona mzee yuleyule karibu na gati. Bongekile alishuka mbio, akapiga magoti mchangani.

"Baba, nisamehe. Mwanangu ananifia."

"Tulifika nyumbani na tawi tupu," alisema mzee, Khuzwayo jina lake. Safari hii aliongea. "Mlungisi wetu, kijana aliyezama hapa, alikuitikia wewe, kwa hiyo atafuata sauti yako. Beba tawi, umchukue huko alikoingia, uongee naye peke yake hadi kwenye gari. Atakuita kwa sauti ya umpendaye. Usiitike! Atakayekufuata akiita bila kujibiwa, ndiye atakayepanda tawi."

Bongekile alirudi ghorofani, akamwonyesha Hlengiwe mtoto kwa kidole, kwamba amshike, asimwachie. Akaligusisha tawi kitandani.

"Twende, Mlungisi. Huu ni mlango. Hizi ni ngazi, kaka, twende nyumbani."

Hakuwa amemaliza ngazi za kwanza aliposikia nyuma yake, "Mama!" na miguu midogo ikishuka pa, pa, pa, naye akakaza mwendo akisema, "Hapa ni ghorofa ya pili, Mlungisi," na sauti ikasema, "Mama, ningoje, naogopa," ikamfuata mlangoni, ikamfuata barabarani katikati ya magari, ikilia sasa kilio alichokijua tangu kuzaliwa kwa Anele, lakini aliuma mdomo hadi damu, akawapita watu wa mapumziko waliomsalimia kwa mara ya kwanza tangu afike, hakumwitikia hata mmoja, mpaka akamkabidhi Khuzwayo tawi, na sauti ikakatika.

Mzee aliliweka kwenye kiti cha nyuma, akalifunga mkanda. "Kaa vizuri, mwanangu," aliliambia. Gari likaondoka.

Bongekile alipanda ngazi akicheka na kulia kwa pamoja. Hlengiwe alimpokea mlangoni, anahema.

"Wifi, una roho ngumu! Mtoto kanichomoka, kakufuata hadi karibu na gari akikuita, na wewe kimya! Ulipomkabidhi mzee tawi kanyamaza ghafla, nikambeba mbio hadi huku. Ila kapona, midomo imerudi rangi."

Bongekile alikimbilia dirishani. Gari la mzee halikuonekana tena.

Anele alikaa kitandani, mgongo wima, akila mkate wa jana kwa pupa. Bongekile alimkaribia taratibu.

"Habari yako, mwanangu?"

Mtoto aliinua uso, akatabasamu kwa upole.

"Nzuri, dada. Ila baridi tu."