Vipande Vinne vya Sabuni

Saa sita mchana duka la vipuri lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mafundi walinyoosha mikono juu ya kaunta, huyu anataka plagi, yule anataka mkanda wa feni, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyetangulia. Nyuma ya kaunta alisimama msichana wa gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, mdogo wake mwenye duka. Alikuwa na haya. Akizungumza na wateja, macho yake yalibaki kwenye bidhaa, hayakupanda hadi kwenye nyuso. Lakini kwa vipimo hakukosea, na ndiyo maana kaka yake alimwachia kaunta.

"Dada, nipe raba nne za jeki," sauti moja ikapenya.

"Za gari gani?"

"La michezo. Lile la chini chini, ukiliona unadhani limelalia tumbo."

Msichana akatabasamu bila kutaka, akainua macho. Alikuwa fundi kijana mwenye ovaroli ya kijivu na penseli nyuma ya sikio. Gari la aina ile alilijua. Ukilinyanyua kwa jeki tupu ya chuma, unabonyeza bodi na kupasua plastiki za ubavuni. Lazima kuwe na raba ngumu kati ya chuma na gari, na raba hiyo iwe na nundu inayoingia sawasawa kwenye shimo la kunyanyulia. Mashimo yako manne, moja karibu na kila gurudumu.

"Mashimo yake yakoje?" akauliza.

"Shimo ni shimo, dada'angu. Ukiingiza kidole kinaingia."

Watu wakacheka. Msichana hakucheka.

"Nundu ikiwa nyembamba inacheza. Ikiwa nene haiingii, gari linakaa juu ya ncha, linateleza. Sikuuzii kwa kubahatisha."

"Sasa nilibebe gari nikuletee hapa kaunta?"

"Hapana." Akatoa mche wa sabuni ya kufulia, akaukata vipande vinne. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote kwa magari asiyoweza kuyaona. "Lainisha kwa maji ya moto. Sukuma kila kipande kwenye shimo lake, vuta taratibu. Andika ni cha wapi. Vyote vinne, fundi. Usipime moja ukasema yamefanana."

"Sawa, Mama Vipimo."

"Mimi si mama wa mtu."

"Habari njema hiyo! Leo nitalala usingizi."

Watu wakapiga kelele, msichana akazama nyuma ya makasha akitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Fundi alirudi jioni ileile, anahema, shati limemganda mgongoni. Duka lilikuwa tupu. Akapanga vipande vinne juu ya kaunta, kila kimoja kimeandikwa kwa ncha ya msumari: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Msichana akavipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, akachagua raba nne zenye nundu za unene mmoja, akavihifadhi vipande ndani ya boksi la viatu. Fundi aliondoka na raba na namba ya simu ya msichana.

Gari lilisubiri breki mpya kwa wiki tano. Wiki hizo tano zikawa zao. Kwenye simu hakuna anayekuangalia usoni, na haya za msichana zikamtoka.

"Umekula, kipenzi?" fundi aliuliza kila mchana.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula mafuta ya gia. Yalinimwagikia hadi mdomoni."

"Matamu?"

"Si kama sauti yako."

"Muongo wewe!"

"Niulize mara ya pili uone kama nitabadilisha. Sikiliza, nikimaliza kazi ya lile gari nakuja na mama. Tuzungumze na kaka yako."

Msichana akasema polepole, "Avae viatu vyepesi. Ngazi zetu ni nyingi."

Breki zikafika Alhamisi. Mbele gari likapanda bila shida. Nyuma, fundi aliingiza jeki gizani chini ya bodi, akahisi nundu imegusa, akapiga mpini wa jeki. Gurudumu likaacha sakafu. Akanyoosha mkono wa kushoto kusogeza stendi ya kulishikilia gari mahali pake. Raba ikateleza. Gari likashuka juu ya stendi, na mkono ulikuwa katikati.

Kesho yake mwenye gereji aliingia dukani, akaitupa raba juu ya kaunta mbele ya wateja wote.

"Raba yenu hii imemponda fundi wangu mkono!"

Msichana aliiangalia raba. Nundu yake ilikuwa imekwaruzika upande mmoja.

"Ni wewe uliyemchagulia?" kaka yake akauliza.

"Ni mimi."

"Ulipima?"

"Nilipima, kaka."

"Ulipima nini sasa?"

Siku hiyohiyo kaka yake alimhamishia stoo, akaweka mtu mwingine kaunta. Huko alihesabu skrubu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kupitia ukutani aliwasikia mafundi wakisema, "Yule dada wa sabuni ndiye aliyemlemaza." Alipiga simu asubuhi, mchana, jioni. Iliita hadi ikakata. Akaandika: Nisamehe. Akaandika tena: Nitukane basi, ila sema kitu.

Fundi alizisoma meseji zote. Alikuwa amelala chumbani kwa mama yake, bandeji imefika kwenye kiwiko, simu kifuani. Kila ilipoita alifumba macho. Hakuwa amekasirika. Kulikuwa na jambo alilolijua peke yake, na kila neno "nisamehe" lilimchoma kuliko mkono.

Siku ya tisa msichana alilishusha boksi la viatu. Akavipima vipande vya sabuni upya, kimoja kimoja, akiomba akute kosa lake ili walau alijue. Vipimo vilikuwa vilevile. Ndipo alipoona kitu. Kwenye kipande cha mbele kushoto palikuwa na mchubuko mdogo wa mshazari, kama ukingo wa shimo uliwahi kugongwa. Akashika cha nyuma kulia. Mchubuko uleule. Akavipanga vyote karibu na dirisha. Vinne vyote vilikuwa na alama moja, mahali pamoja.

Mashimo manne hayawezi kuwa na kovu moja. Vyote vilitoka shimo moja.

Kwanza alishusha pumzi. Kisha hasira ikampanda hadi masikioni. Kisha likaja lililokuwa baya kuliko yote: akivionyesha hivi, jina lake litarudi, na mwanamume mwenye mkono mmoja tu mzima atafukuzwa kazi. Asipovionyesha, atabaki stoo, na watu wataendelea kusema ni yeye.

Akavaa gauni lake la bluu, akaenda.

Mama yake fundi alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu. "Wewe ndiye wa simu?"

"Shikamoo, mama. Ndimi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Hali chakula, hasemi. Labda kwako atasema."

Fundi alipomwona alijiinua, akauficha mkono chini ya shuka. Msichana alivipanga vipande vinne kitandani, alama juu. Fundi aliviangalia.

"Nyuma ya gari ilikuwa imebanwa ukutani, sikuyafikia mashimo," akasema. "Mwenye gari alikuwa ameondoka na ufunguo. Ningengoja hadi kesho yake."

"Kwa nini hukungoja?"

"Nilitaka nikukute kabla hujafunga."

Msichana akakaa kwenye kiti. "Siku tisa, mwenzangu. Siku tisa nimejiita muuaji. Nawe ulijua."

"Nilijua."

"Mkono unasemaje?"

"Vidole viwili havihisi kitu. Daktari haahidi." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega. "Mimi sina kazi nyingine zaidi ya mikono hii. Ningekwambiaje?"

Pembeni palikuwa na beseni la maji. Msichana alikusanya vipande, akavipeleka juu ya maji. "Nikivilowesha vitaisha. Hakuna atakayejua."

Fundi aliruka kutoka kitandani, akamshika kiganja kwa mkono wake mzima.

"Usithubutu. Lete ovaroli yangu."

Saa sita mchana duka lilikuwa limejaa tena. Fundi alisimama mbele ya kaunta, mkono umening'inia shingoni, ovaroli imefungwa vifungo na msichana. Mwenye gereji alikuwa ameitwa kwa simu.

"Sabuni zote nne nilizitoa shimo moja," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Aliniambia nipime yote. Nikamdanganya. Dada huyu hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Kaka mtu alivigeuza vipande kimoja kimoja, kisha akamwambia mdogo wake bila kumtazama, "Rudi kaunta."

"Na wewe," mwenye gereji akamwambia fundi, "kwangu kazi basi. Ila gari bado liko pale, na nyuma hakuna anayejua shimo likoje."

"Nitaenda kupima mwenyewe," akasema msichana. Ilikuwa mara ya kwanza duka zima kumsikia akipaza sauti. "Naye atanishikia tochi."

Alilala chali juu ya kadibodi, gauni la bluu chini ya lile gari. Lilikuwa limesogezwa mbali na ukuta, magurudumu yote sakafuni. Fundi alipiga magoti, tochi mkono wa kulia. Sabuni laini ikaingia kwenye shimo la nyuma kulia, ikatoka taratibu. Shimo lilikuwa jembamba, tofauti kabisa na lile la mbele. Msichana akamnyooshea kipande akione.

Alikitazama hadi mwanga wa tochi ukaanza kutikisika.

"Mkono ukibaki hivi," akauliza, "bado nimlete mama?"

Sauti ya msichana ikatoka chini ya gari, nzito kwa machozi.

"Siku ile ulipoleta sabuni nilikuwa nimemaliza kila kitu. Taa za ndani nimezima, kaka ameshaondoka. Niliacha mlango wazi kwa sababu yako tu. Ungechelewa, ningekungoja. Ungekuja kesho yake, ningekungoja."

Fundi aliweka paji la uso kwenye ubavu wa gari, akalia waziwazi.

"Usilie, unatikisa mwanga," akasema msichana. "Mwambie mama ngazi zetu bado ni nyingi. Nipe kipande kingine."