Nyuma ya Jipsam

Shakiru, fundi ujenzi wa mtaa wa Pasua, ni rafiki yangu na si mtu wa kutunga. Yeye na wenzake walikuwa wanabomoa ndani ya duka la zamani mjini ili likarabatiwe. Umeme ulishakatwa, madirisha yamezibwa kwa mabati, mchana ukawa giza. Akagonga ukuta wa jipsam kusikiliza palipo na uwazi.

Upande wa pili kukagongwa pia, taratibu.

Kwa mazoea ya nyumbani akajibu, "Karibu."

Alipovunja, alikuta zege tupu, limegusana na jipsam.

Sasa kila asubuhi mkewe, Hajira, anafuta sakafuni nyumbani kwao nyayo za vumbi jeupe, za miguu mitupu, zinazoingia mlangoni.

"Na zinazotoka?" nilimuuliza Hajira.

"Hizo, shemeji, sijawahi kuziona."