Mama wa Kambo Nje ya Mlango

— Cheka sasa, — Rigobert alisema nyuma ya kamera. — Kile kicheko cha mama wa kambo.

Mwanvua alikuwa amesimama mbele ya mlango wenye kufuli, kitambaa cheusi kichwani, kucha ndefu za karatasi zimebandikwa vidoleni. Hakucheka.

— Juu ya nini nicheke? Niko peke yangu hapa. Muntu anacheka peke yake?

— Mama wa kambo wote wa mu hadisi wanacheka peke yao.

— Basi wote ni wagonjwa.

Watu wa mtaa waliokuja kutazama waliangua kicheko, na Rigobert akazima kamera. Huyu Rigobert Ngandu ni mtoto wa reli, baba yake alitoka Kasai kufanya kazi gare, stesheni ya treni, na Kindu nzima inamjua kwa filimu zake za arusi na hadithi. Safari hii alikuwa amechukua hadithi ambayo kila mtoto anaijua: binti mzuri anafungiwa nyumbani, mchumba anafukuzwa kwa uongo, mwishowe mchumba anarudi, mama wa kambo anatumbukia mtoni na watu wanapiga makofi. Mama huyo hana jina. Hakuna anayeuliza anakula nini wala analala saa ngapi. Kazi yake ni kuwa mbaya, basi. Rigobert alitaka kamera ikae upande wa mama huyo, nje ya mlango, pamoja na ufunguo.

— Nitafutie muntu mwingine, papa Rigo, — Mwanvua alisema, akibandua kucha moja. — Miye siwezi kumutetea mama wa kambo. Nilikuwa na wangu.

— Njo maana nilikuchagua.

Simu ya Mwanvua ililia mfukoni. Ujumbe wa Soudi, mchumba wake: «Mpenzi, umeongea na Mama Mounira? Arusi imekaribia. Bila yeye roho yangu haitulii.»

Akamjibu palepale: «Yule mama alikuua. Usinitajie tena.»

Na kweli alimuua, kwa mdomo. Wakati wa vita, waasi walipoushika mji na wapiganaji wa Mai-Mai wakauzunguka toka porini, treni ilikatika, chumvi ikapotea, na baba yake Mwanvua aliyekuwa Punia kwa biashara hakurudi tena. Mwanvua akabaki na mama wa kambo, Mounira. Alikuwa msichana wa kuolewa, na mpenzi wake alikuwa Soudi, fundi mwanafunzi wa gare ambaye ukoo wake ulikuwa umekimbilia Kampene. Siku moja Mounira aliingia chumbani na kusema Soudi ameuawa. Akaweka matanga. Akawaambia majirani kwamba vijana hao walikuwa wameshafungishwa ndoa kimyakimya, kwa hiyo Mwanvua ni mjane. Akamvalisha nguo za eda na kumfungia ndani.

Mwanvua alilia mpaka sauti ikamwisha. Eda ilipokwisha, na vita navyo vikapoa, msafiri mmoja akaleta habari kwamba Soudi yuko Lubumbashi, mzima wa afya, ameoa. Mwanvua alikunja nguo zake siku hiyohiyo, akavuka mto Lualaba toka Alunguli kuja mtaa wa Kasuku, na hakuvuka tena kurudi. Mounira alipoulizwa na watu sababu, hakusema kitu. Mji ukamalizia wenyewe: alimfungia mtoto wa mwenziwe kwa roho mbaya tu, maana huyo kijana alikuwa maskini. Hata leo Mounira akipita sokoni wanawake wanagusana viwiko.

Mwanvua aliwahi kuolewa, ndoa haikukaa. Kisha mwaka huu Soudi akashuka kwenye treni, mjane wa kweli, mvi kidogo, akauliza nyumba ya Mwanvua iko wapi. Walipokutana walikubaliana jambo moja tu: mwaka ule wa vita wasiuzungumze.

Jioni ile Soudi alipitia kwenye upigaji wa filimu akiwa bado na mafuta ya mashine mikononi. Alimkuta Rigobert akibembeleza.

— Mara moja tu, mama Mwanvua. Muchumba amefika mu kiwanja, anamuulizia binti. Weye unamuambia nini?

— Nitamuambia binti amekufa.

— Hapana, — Soudi alisema toka pembeni, kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba anasikika. — Unamuambia ameolewa. Ameolewa na kamanda.

Mwanvua aligeuka.

— Kamanda gani?

Soudi akageuka kuondoka.

— Soudi. Nakuuliza, kamanda gani?

— Tuache, bibi yangu. Tulisema hatutaongea hii.

— Watu, mutoke, — Rigobert aliwaambia watazamaji, na mwenyewe akaenda kusimama mbali na kujifanya anapanga nyaya.

Soudi alifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikufutika.

— Mama Mounira njo alinipeleka ku mutumbwi. Alinishika shati, akaniambia: «Mwanvua sasa ni bibi ya kamanda wa waasi. Ukirudi hapa atakupiga risasi, na Mwanvua naye atampiga.» Nikatembea mpaka Tunda, halafu mbele. Sikurudi.

— Na ukanirudilia sasa? Ukiamini nilikuwa bibi ya asikari?

— Sasa ulitaka nifanye nini? Ulichukuliwa kwa nguvu, hivyo njo nilijua. Sikutaka kukuuliza. Niliona kukuuliza ni kukuumiza mara ya pili.

Machozi yalimjia Mwanvua, ya upendo na ya hofu pamoja, akashindwa kuyatenga. Mwanamume huyu alikuwa amebeba aibu isiyokuwepo kwa miaka zaidi ya ishirini, na bado alipanda treni kumfuata.

— Soudi, miye sijawahi kumuona kamanda hata mumoja. Nilikuwa ndani.

— Ndani wapi?

— Ndani. Nilikaa eda yako.

Walitazamana. Kisha Mwanvua akautazama mlango ule wa filimu, na kufuli, na mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe, upande wa barabara. Alikuwa ameijua hadithi yake toka chumbani tu. Nani alikuwa anapita barabarani siku zile, hakuwahi kujua.

— Tuvuke, — alisema. — Leo.

Mounira alikuwa uani Alunguli akipepeta mchele. Alipomwona Mwanvua ungo ulimtoka, mchele ukamwagika. Alipomwona Soudi nyuma yake, akaketi chini.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mumekula?

— Mama Mounira, kulikuwa na kamanda?

— Hakukuwa na kamanda.

— Soudi ameniambia.

— Soudi alikuwa mutoto, alisikia vibaya. Miye nilikuwa mubaya tu. Mji muzima unajua. Muende mufanye arusi yenu.

— Mama.

Mounira alianza kuokota mchele punje kwa punje.

— Alikuja mara tatu, — alisema mwishowe, bila kuinua kichwa. — Alikuona ku mutoni. Mara ya kwanza alileta sabuni. Mara ya pili alileta asikari. Nikamuambia uko na bwana. Akasema bwana atakufa. Nikajua atamutafuta Soudi. Basi nikamutangulia, nikamuua Soudi kwa mdomo.

— Na eda?

— Wale watu walikuwa hawaogopi risasi, walikuwa wanaogopa maiti. Nikamuambia kwetu sisi, mwanaume anayemugusa mujane mbele ya eda kuisha, anamufuata marehemu. Nilitunga mwenyewe, Mungu anisamehe. Alikuja mara ya tatu usiku, akasimama ku dirisha akisikiliza. Ulikuwa unalia. Akaenda. Mbele ya eda kuisha wakamupeleka vita kwingine.

— Juu ya nini hukuniambia? Nililia karibu kufa.

— Ungejua iko muzima, ungelia vile?

Mwanvua alimtazama Soudi.

— Na huyu, — Mounira aliendelea, akimwonyesha Soudi kwa kidevu, — angejua unamungoja, angerudi. Wangemuua kweli. Kila mumoja nilimupa uongo wake.

— Na vita ilipoisha? — Soudi aliuliza.

— Nikasikia umeoa. Ningesema nini? Na ningetaja kamanda, watu wangeuliza: alikuja tu, ao aliingia? Munajua wanawake walioitwa bibi za asikari walivyopata taabu mu mji huu. Hakuna aliyewaoa. Nikaona heri waseme miye ni mubaya.

Mwanvua alipiga magoti kwenye mchele na kuweka kichwa mapajani mwa mama yule. Mounira alimshika kichwa taratibu, kwa woga, maana hakuwa na uhakika kama ameruhusiwa.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Kumbe ndipo wasiwasi ulipoanza. Mwanvua alirudi kwa Rigobert, akamwambia atacheza, na kwamba mama wa kambo wa filimu hatacheka hata mara moja. Akamweleza cha kuweka nje ya mlango: sabuni, asikari, dirisha. Rigobert alisikiliza na kofia mkononi.

— Nikiweka hii, watu watauliza ni nani.

— Najua.

Ujumbe wa Mounira ulifika usiku, ameandikiwa na jirani: «Mwanangu, toa kamanda mu filimu. Shangazi ya Soudi njo kichwa ya ukoo. Akijua, hatakubali. Miye nimezoea kuitwa mubaya. Weye hujazoea.»

Mwanvua alimpigia Soudi.

— Shangazi yako atasema nini?

— Sijui.

— Nidanganye basi.

— Siwezi. Bibi Zawadi ni mugumu. Alikataa muchumba wa mutoto wake mwenyewe juu ya maneno madogo kuliko haya.

— Akikataa?

— Nitakuoa hata akikataa. Lakini nitaumia, sitakuficha.

— Basi nitoe kamanda?

— Usiniulize miye. Aliyefungiwa ni weye.

Siku ya kuonyesha filimu, ukumbi ulijaa. Bibi Zawadi alifika na wanawake wa ukoo wake, wote wamejitanda vizuri, wakakalishwa mbele. Mounira alikaa nyuma kabisa karibu na ukuta. Mwanvua alisimama mlangoni.

Mwanzoni watu walifurahi. Mama wa kambo alipotokea na kitambaa cheusi, wakazomea kama kawaida. Alipofunga kufuli, mtu mmoja akapaza sauti: «Anafanana na yule wa Alunguli!» Ukumbi ukacheka. Mounira aliinamisha kichwa.

Kisha kamera ikageuka barabarani. Sabuni mkononi mwa asikari. Bunduki kiwanjani. Mama wa kambo anasimama peke yake mbele ya mlango, ufunguo ameubana kiganjani, mdomo unadanganya bila kukwama. Ndani msichana analia, na nje mwanamume anasikiliza dirishani. Hakuna aliyecheka tena. Wanawake waliokuwa watu wazima wakati wa vita walianza kujifuta macho kwa ncha za vitenge.

Taa zilipowashwa, Bibi Zawadi alisimama. Alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache.

— Bwana Rigobert. Hii ni hadisi ao ni kweli?

— Filimu ni filimu, mama, — Rigobert alijibu haraka.

— Ni hadisi tu, — Mounira alisema toka nyuma. — Hadisi ya zamani.

Soudi alimtazama Mwanvua. Hakutikisa kichwa, hakumkonyeza. Alimwachia aamue mwenyewe.

Mwanvua alitembea mpaka katikati.

— Ni kweli, Bibi Zawadi. Musichana yule ni miye. Kamanda alinitaka, akaja mpaka ku dirisha. Hakuingia. Lakini hata angeingia, ningesema vilevile leo, juu mama yule hawezi kuzikwa na jina la mubaya wakati miye ninavaa nguo ya arusi. Alidanganya mji muzima ili nipone, mukamuchukia, na miye nikawa wa kwanza kumuchukia. Kama hii inavunja arusi, ivunje.

Bibi Zawadi alichukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, na wanawake wake wakasimama kumfuata. Mwanvua alifumba macho, akajua wanatoka.

Alipofumbua, Bibi Zawadi alikuwa amefika ukutani na kukaa kwenye benchi la Mounira, wanawake wake wamejipanga pande zote mbili.

— Dada yangu, — alimwambia Mounira, — tulipeleka posa kwa mujomba ya Mwanvua kule Mikelenge. Tulikula, tukanywa, tukashukuru. Tulikosea nyumba.

Mounira alimwangalia, haelewi.

— Mutoto anaposwa kwa aliyemulea. Kesho asubuhi tunavuka Alunguli, wote hawa unaowaona, tuanze upya. Utatupokea?

Mama wa kambo aliwatazama wanawake wale mmoja mmoja. Kisha akamtafuta Mwanvua kwa macho, na kwa mara ya kwanza toka vita alionekana ameogopa mbele za watu.

— Mwanangu, — alisema, — kesho asubuhi? Wote hawa? Sina hata viti.