Sikio la Mwamba

Saa nne asubuhi

Chumba cha nyuma kilinuka sabuni na grisi. Ovaroli za wachimbaji zilirundikwa hadi dirishani. Kazi ya mchana ya Zoran Matulić ilikuwa kuzifua. Zoran alichovya kidole kwenye kahawa, akachora mstari juu ya meza.

"Hii karakana. Huu mlango. Saa sita kamili mbio za farasi zinaanza Melbourne. Mji mzima wa Kalgoorlie uko baa, macho kwenye runinga. Polisi nao wameweka dau. Tunaingia, tunabeba, tunatoka. Watu wakianza kugombana nani kashinda, sisi tuko barabara ya Coolgardie."

"Na king'ora?" aliuliza Tegan. Alikuwa dereva wao, mwanamke mkavu aliyeendesha malori ya mgodini mpaka wakamfukuza.

"King'ora kazi ya dogo."

Wakamtazama Nev Trembath. Kadi ya mlango ilikuwa mfukoni mwake, namba ya king'ora kichwani. Hakuiba hata kimoja. Alipewa na Roslyn Okely, mwenye karakana, siku alipomwajiri amsaidie kutengeneza Sikio.

Sikio lilikuwa kifaa cha ukubwa wa kopo la maharage. Ukilibandika kwenye ukuta wa mgodi, linasikia mwamba ukichanika ndani kwa ndani, mapema kabla dari haijaporomoka. Roslyn alilianza mwaka aliomzika mumewe, au kile kilichopatikana cha mumewe. Ombi la hataza, haki ya kumiliki uvumbuzi, lilikuwa halijapelekwa. Alitaka jaribio moja zaidi, kisha Ijumaa wakili wake wa Perth aliwasilishe. Na kwenye mambo ya hataza, anayewahi ndiye mwenye nguvu.

Nev alikuwa na donge. Njia ya kuchuja kelele za mashine, Sikio lisikie mwamba peke yake, ilitoka kichwani mwake. Mwezi wa Agosti alimsikia Roslyn akimwambia mgeni, "Hili Sikio langu." Langu. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki ileile alimtafuta Zoran, naye Zoran akapata mteja Perth wa kulinunua Sikio.

"Hatumgusi mtu," Nev alisema.

"Si umesema hapatakuwa na mtu?"

"Hapatakuwa na mtu."

Saa sita kasorobo

Mtaa mtupu. Joto linapiga bati. Tegan hakuzima injini. Nev na Zoran wakafunika nyuso, Nev akagusisha kadi, akabonyeza namba. Mlango ukaachia.

Ndani runinga ilikuwa inaongea.

Mzee Clem, baba yake Roslyn, alikaa kwenye kiti cha kukunja, pai mapajani, akisubiri farasi wake. Magoti yalikuwa yamezikataa ngazi za baa. Akageuka. Hakuangalia nyuso. Aliangalia mguu wa kushoto wa Nev, ule unaoburuta kidogo tangu utotoni.

"Nev, mwanangu," alisema taratibu. "Mbona umejifunika?"

Zoran alijibu kwa spana. Mara moja tu. Mzee akaenda chini pamoja na pai yake.

"Hukutakiwa kumpiga," Nev alisema. Sauti haikuwa yake.

"Na yeye hakutakiwa kuwepo. Beba mzigo."

Nev akalitoa Sikio rafuni, na kompyuta yenye majibu ya majaribio. Vidole vilijua kila waya. Mzee alikuwa anapumua, kwa kukoroma. Alilala kati ya Nev na mlango.

Nev alimruka, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Saa sita na robo

"Anapumua," Nev alisema garini. "Tumwitie ambulensi."

"Ukipiga simu umetuchoma."

"Nani anapumua?" Tegan aliuliza, akiwatazama kwenye kioo. "Zoran, nani?"

"Endesha."

Vichaka vikapita, na vumbi jekundu. Nev alitafuta kitu cha kujishikiza. "Huyo mteja wa Perth. Ataanza kuliuza lini Sikio?"

Zoran akacheka. "Kuliuza? Jamaa anauza nondo za kushikilia dari za migodi. Watu wakijua mwamba gani mbovu na upi mzima, nani atanunua nondo zote zile? Atalisajili kwa jina lake, kisha alifungie kabatini. Hataza si lazima uitumie, dogo. Unaweza kuikalia tu. Miaka ishirini hagusi mtu."

Nev alizikumbuka ovaroli mle chumbani. Kila moja ilikuwa na jina kifuani.

Simu yake ikalia. Roslyn. Zoran akatoa bastola. "Pokea. Sauti nje. Ongea kama siku zote."

"Nev, uko wapi? Farasi wako kashika mkia." Nyuma yake baa ilikuwa inavuma. "Sikia, wakili anajaza majina ya wavumbuzi. Jina lako la kati ni Jago, siyo? Nisije nikakuandika vibaya."

"Umeniandika?"

"Nisikuandike kwa nini? Ule uchujaji si wako? Wewe umelewa?"

Mdomo wa bastola ukamgusa mbavuni. Zoran akatikisa kichwa: thubutu.

"Ros," Nev alisema. "Mzee yuko chini karakanani. Kapigwa kichwani. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Ita ambulensi. Na wakili asingoje Ijumaa. Apeleke sasa hivi, kwa hicho alichonacho."

Kitako cha bastola kikampasua shavu. Simu ikaruka dirishani.

Walisimama kando ya barabara. Zoran alimpigia yule mteja wa Perth. Alipofika kwenye maneno "anawasilisha sasa," simu ikakatwa upande wa pili. Akamburuta Nev nje, akamwelekezea bastola.

"Ukimpiga risasi nakuacha hapahapa," Tegan alisema bila kugeuka.

Zoran akachukua spana badala yake. Mkono wa kulia wa Nev ulivunjika kwa mlio wa ukuni mkavu. Sikio likatupwa lamini, gari likaondoka. Halikufika mbali. Kizuizi cha polisi kilipoonekana, Zoran aliamuru wakate porini. Tegan akazima injini, akaweka mikono juu ya usukani.

Roslyn alifika na askari wawili. Aliokota vipande vya Sikio kwanza, kimoja kimoja, ndipo akachuchumaa mbele ya Nev.

"Baba hajaamka," alisema. "Ombi limeingia. Jina lako limo. Wakili anasema wizi haumfuti mtu kwenye uvumbuzi wake. Ningeweza, ningelifuta mwenyewe."

Nev alivitazama vipande vya Sikio.

"Ulianza kupanga haya lini?"

"Agosti."

"Jumapili hii ulikula kwetu. Baba ndiye aliyekukatia nyama."

"Ndiyo."

"Ukala."

"Nilikula."

Akasimama, akapangusa magoti, akarudi garini. Askari alikuja na pingu, akauliza ni mkono upi uliovunjika, amfunge ule mzima.

Nev akampa yote miwili.