Pea Mbili

Asubuhi ile nesi alikuta glavu zimeshatolewa kwenye boksi. Zilikuwa mezani, katika chumba cha kuchanganyia dawa za saratani, pea mbili, moja imevishwa ndani ya nyingine, vidole vikielekea mlangoni. Ufunguo wa chumba alikuwa nao yeye peke yake. Alizishika ili azirudishe, akazitupa. Ndani zilikuwa na joto, kama zimevuliwa sasa hivi.

Akajiambia ni jua la dirishani. Lakini dirisha lile lilitazama magharibi, na ilikuwa saa mbili asubuhi.

Mtu aliyekuwa akivaa hivyo alikuwa mmoja tu, nesi mzee aliyemfundisha kazi, ambaye wodi nzima walimwita Pea Mbili. Ujanani alizichanganya dawa zile kwa mikono mitupu, mkate wake ukiwa kando ya vichupa, kabla mtu yeyote hajamwambia kuwa zinadhuru. Mimba zake nne hazikufika mwezi wa tano. Tangu hapo akawa mkali: glavu pea mbili, gauni la kufungwa mgongoni, barakoa, na kichupa hakitobolewi kwa pupa, kwa sababu mvuke wake hauonekani. Wenzake walimtania kwamba hata chai anainywa na glavu. Alijibu kuwa anatafuta saizi ya kulalia. Alikufa mwaka uliopita, kitanda namba sita, wodi hiyohiyo.

Sheria yake moja hakuna aliyeitania. Mwenye mimba haingii chumba kile. Anamwambia matroni, anahamishiwa kliniki ya macho siku hiyohiyo.

Nesi alikuwa na mimba ya wiki tisa, na hakuwa amemwambia matroni.

Mimba zake mbili za kwanza zilitangazwa mapema, zikatoka. Mama mkwe wake alishikilia kwamba ni jicho la watu, na safari hii waliapa wote watatu, yeye, mumewe na mama mkwe, kuwa hakuna atakayejua hadi tumbo lijiseme lenyewe. Kumwambia matroni ilikuwa sawa na kuitangazia hospitali nzima. Basi kila asubuhi aliingia. Kabati la kufyonza mvuke wa dawa lilikuwa limekufa miezi mitano, likiwa na karatasi ya "fundi anakuja", kwa hiyo alichanganyia mezani. Na kwa kuwa glavu zilikuwa chache, alivaa pea moja.

Siku ya tatu kitu kikaanza kugonga. Kila alipoinamia kichupa cha dawa nyekundu, kioo kidogo cha mlangoni kiligongwa mara mbili, taratibu, kama kwa pete. Akiinua kichwa, hakuna mtu. Kisha ikaja harufu ya mafuta mazito yenye ubaridi wa mnanaa, yale ambayo Pea Mbili alipakaa viganja vilivyopasuka kwa kunawa. Na glavu zikawa zinamsubiri kila asubuhi, zina joto, naye kila asubuhi akizisukuma kwa koleo hadi kwenye ndoo ya taka, kisha akivaa pea yake moja kutoka kwenye boksi.

Wiki ya pili ufunguo ulizunguka lakini mlango haukufunguka, akasukuma kwa kiganja, akasukuma kwa bega, akahisi kwamba upande wa pili haukuzuiwa na chuma wala mbao bali na kitu laini chenye uzito, kitu kinachopumua, kitu kilichouegemea mlango kwa mgongo wake wote na kulegea kidogo kila alipopunguza nguvu, na alipochungulia kwenye kioo aliona glavu mbili zimesimama mezani zikiwa zimejaa kama zina mikono ndani, na mkono mmoja ukajikunja polepole, kidole kimoja kikabaki kimenyooka, kikaelekea tumboni kwake.

Aliteremka ngazi akiwa amejikumbatia, akawaambia wenzake kitasa kibovu.

Jioni alimsimulia mama mkwe jikoni, bomba likiwa wazi ili majirani wasisikie.

"Kilikuonyesha wapi?" mama mkwe akanong'ona.

"Hapa, mama."

Mama mkwe alishika ukingo wa sinki. "Basi kimeshajua. Kinamtaka mtoto, mwanangu."

Mganga aliletwa Jumapili mchana, saa ya kutazama wagonjwa, akiwa amebeba mfuko wa machungwa kama mgeni yeyote. Wakausukuma mlango wawili hadi ukakubali, akanyunyiza maji kona nne za chumba, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini, akauliza kilichomo kinataka nini. Kioo kikagongwa. Glavu zikajaa, zikainuka, zikanyooka kuelekea tumbo la nesi, kisha zikageukia mlango, tumbo, mlango, tumbo, mlango, kwa haraka kama mtu anayemsihi kiziwi. Mganga alitokwa jasho. Akasema jini hili ni la uchu, linataka kutoka na mimba. Akasoma kwa nguvu zaidi. Harufu ya mnanaa ilijaa chumba hadi macho yakawauma, glavu zikaanguka zikiwa tupu na, mara moja, zikawa baridi.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya amani. Mlango ulifunguka kwa ncha ya kidole. Alhamisi kichupa kimoja kilimtemea dawa, unyevu mdogo tu, chini ya barakoa. Akafuta, akaendelea, hakuna kilichogonga.

Jumanne mimba ikatoka.

Mganga alisema hasadi ilikuwa imeshaingia mapema. Mama mkwe alilia kwa sauti. Nesi hakulia. Alilala akiutazama ukuta, akiziona zile glavu: tumbo, mlango, tumbo, mlango. Toka. Mtoe nje. Ndicho alichokuwa akiambiwa, na yeye akamleta mtu wa kumfukuza aliyekuwa akimwambia.

Aliporudi kazini alijifungia mle ndani na kumwita kwa jina lake halisi, ambalo hakuna aliyelitumia tangu mazishi. Akamwomba radhi. Alinusa hewa. Dawa ya sakafu tu.

Miezi ikapita. Akaletewa binti wa kumfundisha, ameolewa juzi, mcheshi, fundi wa kuiga sauti ya matroni. Wiki ya tatu nesi alimsikia akitapika chooni, kisha akamwona akitoka anajifuta mdomo, akidai ni maandazi ya jana. Nesi hakuuliza. Alitangulia chumbani, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo wake wote.

Kitasa kikazunguka. Mlango ukasukumwa kwa kiganja, halafu kwa bega.

"Dada, mlango umegoma," binti akasema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Kuna mtu?"

"Kamwambie matroni," nesi akasema. "Leo. Humu usiingie tena."

Kikasikika kilio cha kujizuia, halafu viatu vya raba vikiondoka kuelekea ofisi ya matroni.

Nesi hakutoka pale. Aliendelea kuuegemea mlango, amesogea upande kidogo, akiacha nafasi ya bega la mtu wa pili.